Muulize Fundi: Safari fupi na gari lako

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: je, safari za karibu, zile za kila siku, kweli zinahitaji gari? Natengeneza baiskeli kwa riziki yangu, kwa hiyo mnajua nitaegemea wapi. Nimechagua tano.

Fundi, kutoka kwangu hadi kazini ni kilomita 2. Gari langu ni zima na halili mafuta sana. Mke wangu ananihimiza nitembee. Nipoteze muda wote huo kwa faida gani? – Mwenye gari zima

Ndugu yangu, hizo kilomita 2 zinaliumiza gari lako kuliko safari ndefu. Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, hivyo inabidi imiminwe nyingi kuliko kawaida ndipo iwake. Kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba nacho hakifanyi kazi mpaka kipate joto la mamia ya nyuzi. Wewe unafika na kuzima gari wakati ndiyo kwanza kinaanza kupata moto, kwa hiyo moshi mchafu kuliko wote unawaachia majirani zako. Halafu kuna maji. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Safari ikiwa ndefu mvuke huo hutoka wote, ikiwa fupi unaganda kuwa matone ndani ya bomba na kuleta kutu, na mwingine unaingia kwenye oili. Betri inatoa nguvu nyingi kuwasha injini, kisha haipewi muda wa kujichaji. Muulize fundi magari yeyote kuhusu gari linaloendeshwa karibu karibu tu.

Tuje kwenye muda. Mtu asiye na haraka hutembea kama kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo safari yako ni dakika 24. Kwa baiskeli, kwa mwendo wa taratibu wa kilomita 15 kwa saa, ni dakika 8. Sasa hesabu dakika za gari bila kujipendelea: kulitoa, kukaa kwenye foleni, kutafuta maegesho, kisha kutembea kutoka maegesho hadi mlangoni. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukitembea kwenda na kurudi siku 5, umepata 240, na hukutenga hata jioni moja kwa ajili ya mazoezi.

Sikuambii uuze gari. Kuna mgonjwa usiku, kuna mzigo mzito, kuna safari ya mbali. Mke wako anazungumzia kilomita 2, na yuko sahihi.

Ningependa sana kwenda kazini kwa baiskeli, lakini malori yananitisha. Wenzangu wananiambia nitazoea. Je, hofu hii itaisha? – Mwoga wa barabara kuu

Dada, jina hilo ulilojipa silikubali. Unaogopa kitu cha kuogopwa, na wanaokuambia utazoea wanakutakia jambo baya, maana aliyezoea lori hulisogelea.

Anza na njia kabla ya baiskeli. Njia uliyozoea kupita na gari ilichaguliwa kwa ajili ya gari. Siku usiyokwenda kazini, tembea kwa miguu ukitafuta mitaa ya nyuma yenye magari machache yanayokwenda polepole. Hata ikikuongezea kilomita nzima, ichukue. Nguvu ya kugonga hukua kwa mraba wa mwendo: gari la kilomita 50 kwa saa linabeba nguvu karibu mara tatu ya lile lile likiwa kwenye 30. Ndiyo maana mtaa wa polepole unaokoa maisha hata dereva akikosea.

Ukiwa njiani, acha karibu mita moja kati yako na magari yaliyoegeshwa, kwa sababu mlango hufunguliwa ghafla. Usijibane ukingoni kabisa. Ukijibana, dereva anaona nafasi ya kukupita hata pale isipokuwepo. Na lori likisimama kwenye makutano, baki nyuma yake. Usipenye kamwe kati yake na ukingo wa barabara, kwa kuwa likikata kona magurudumu yake ya nyuma hupita ndani zaidi ya yale ya mbele, na dereva haoni chochote pale ulipo. Kama huuoni uso wake kwenye kioo cha pembeni, naye hakuoni. Makutano yakiwa mabaya, shuka, sukuma baiskeli, vuka na waenda kwa miguu. Giza likianza, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, ziwake kweli.

Lakini mzigo huu haupaswi kuwa wako peke yako, na hili naliumia. Watu wengi wanadhani Uholanzi ilizaliwa na njia za baiskeli. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani huko, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia mitaani wakidai mauaji ya watoto yakomeshwe. Halafu mwaka 1973 mafuta yakaadimika duniani, na serikali ikaanza kusikia. Leo zaidi ya robo ya safari zote nchini humo hufanywa kwa baiskeli. Kwa hiyo mkutano wa mtaa wenu ukiitishwa kuhusu barabara, nenda, na useme hayo uliyoniandikia.

Shikamoo Fundi. Nina miaka 61, magoti yananisumbua nikipiga pedeli. Pia nataka kujua: mwendo wa kawaida una faida, au mpaka mtu atoke jasho? – Mstaafu

Marahaba, ila kwa umri nadhani tunalingana. Kabla ya kuyalaumu magoti, tazama kiti. Wengi wanaoniletea baiskeli wakilalamikia magoti wamekishusha mno kwa sababu wanataka miguu ikanyage chini wakiwa wamekaa. Kaa kitini, egemea ukuta, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya wayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjwa kidogo tu, na hapo ndipo panapotakiwa. Tumia gia nyepesi, miguu izunguke haraka bila kusukuma kwa nguvu. Goti likiwa limevimba, au maumivu yakiendelea, muone daktari.

Kuhusu jasho, Jerry Morris, daktari wa Uingereza, alilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, na mwaka 1953 akachapisha alichokiona. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima, waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa. Hakuna aliyekuwa mwanariadha. Walikuwa kazini tu. Tembea, mzee mwenzangu.

Bosi wangu akiniona na baiskeli atadhani nimefilisika. Nifanyeje? – Meneja

Fika kwa wakati, nguo safi. Funga kerea nyuma ubebe begi hapo, mgongo hautalowa. Weka madigadi, matope hayatakurukia. Na usishindane na mtu njiani. Atakachodhani bosi hakitadumu zaidi ya wiki chache. Kinachonisikitisha ni vijana walio chini yako, ambao wangependa kuja kwa baiskeli na wanasubiri mkubwa mmoja aanze.

Nina miaka 43 na sijawahi kujua kuendesha baiskeli. Je, nimechelewa? – Mama Wawili

Hujachelewa, Mama Wawili, na usikubali kushikwa kiti na mtu anayekimbia nyuma yako. Mashine ya Karl Drais ya mwaka 1817, babu wa baiskeli zetu, haikuwa na pedeli kabisa. Mtu aliketi akajisukuma kwa miguu. Jifunze hivyo hivyo. Shusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikae chini, toa pedeli, tafuta uwanja tambarare, jisukume taratibu ukitazama mbele, usitazame gurudumu. Hatua zitarefuka zenyewe. Ukiweza kuteleza na miguu yote juu huku ukikata kona, rudisha pedeli.

Pedeli ya kulia inafunguka kinyume cha saa kama nati za kawaida. Ya kushoto ina uzi wa kinyume: izungushe kwa mwelekeo wa saa kuifungua. Ikigoma usiilazimishe, mpe fundi, usije ukang'oka uzi wa mkono wa pedeli.