Shangazi, kelele inaweza kuwa kazi?

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 26. Mchana naingiza takwimu ofisini, usiku natengeneza muziki wa kelele kwa miksa kuukuu, maikrofoni mbili za kubandika, kaseti na kompyuta. Nina kazi 41 ambazo hazijasikiwa na mtu zaidi ya rafiki zangu watatu. Baba alisikiliza dakika moja, akaniuliza redio imeharibika nini. Nataka niache ofisi nijitose moja kwa moja. Hivi watu wa muziki huu wanaishi vipi? Na je, ni muziki kweli, au baba ana hoja? – Msomaji wa usiku*

Marahaba, mwanangu. Swali la baba yako umeliweka mkiani, lakini naona ndilo linalokuwasha, kwa hiyo naanza nalo.

Mwaka 1944, jijini Cairo, kijana aitwaye Halim El-Dabh aliazima kutoka kituo cha redio mashine nzito ya kunasia sauti kwenye waya. Akaibeba hadi kwenye zar, shughuli ya kupunga pepo, akanasa sauti za wanawake wakiimba. Aliporudi kituoni alizipitisha sauti zile kwenye chumba cha mwangwi, akaziondoa kiini kidogokidogo mpaka maneno yakayeyuka, ukabaki mvumo mrefu ambao hujui umetoka kooni au kwenye chuma. Hakuwa amefika miaka 24. Mwaka 1948 Mfaransa Pierre Schaeffer akarusha redioni, Paris, kazi zake za kelele, mojawapo ikitokana na sauti za treni, na wengi humtaja yeye kuwa ndiye mwanzo wa muziki huu. Mimi huanzia kwenye zar. Na usisahau kwamba El-Dabh alisomea kilimo, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo kilimo ndicho kilichomlisha.

Kwa hiyo baba hakusikia vibaya. Redio imo kabisa katika ukoo wa muziki huu. Tofauti ni kwamba redio mbovu haichagui. Fanya hivi: chukua mojawapo ya kazi zako, isimamishe dakika ya nne, ujiulize sauti unayoisikia hapo kwa nini ipo, kwa nini imeingia sasa na si sekunde kumi nyuma, na ukiitoa nini kitaanguka. Ukiwa na jibu, hata kama ni jibu la masikio tu usiloweza kulitamka, huo ni muziki, na unaweza kumkalisha baba umsikilizishe dakika kumi badala ya moja. Ukikosa jibu, baba amekusaidia.

Nashuku, kwa jinsi ninavyokumbuka nilivyokuwa katika umri wako, kwamba kati ya hizo 41 zenye jibu hazizidi sita. Hilo lisikuvunje moyo. Mimi nilikuwa nazo 60, zikabaki nne.

Sasa riziki. Hapa nitakaa kwa sababu ndipo vijana wengi wanapoumia.

Masami Akita wa Tokyo alianza kutengeneza muziki wa kelele kwa jina la Merzbow mwaka 1979. Hakuwa na jukwaa wala kampuni. Alikuwa akitengeneza kaseti mwenyewe nyumbani, majalada yake ameyaunga kwa vipande vya karatasi vilivyotupwa, akizituma kwa posta kwa watu wachache waliotawanyika duniani, na huku akiandika makala na vitabu. Mwaka 2000 lebo moja ya Australia, yaani kampuni ya kutoa santuri, ilitoa sanduku lake lenye CD 50. Wanaolitazama sanduku lile huona wingi. Mimi naona miaka 21 ya kalamu iliyomwezesha kurudi kwenye mashine kila usiku. Jina lenyewe alilitoa kwa msanii Mjerumani Kurt Schwitters, aliyejaza nyumba yake kwa sanamu iliyoungwa kwa takataka na mabaki, akaiita Merzbau, mpaka ikateketezwa kwa mabomu mwaka 1943.

Nilipoisoma habari hiyo ya takataka nililia, na nitakwambia kwa nini. Kwa miaka 19 kazi yangu ya mchana ilikuwa kusafisha sauti: michezo ya redio, mahojiano, filamu za maisha halisi. Naondoa kikohozi, kiti kinacholia, upepo uliogonga maikrofoni, na zaidi ya yote ule mvumo wa umeme unaokaa kwenye hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, na vivuli vyake kwenye 100, 150 na kuendelea. Miaka ya mwanzo niliichukia kazi ile. Nilikuwa naona inaninyang'anya mchana wangu. Halafu siku moja, badala ya kufuta nilichokiondoa, nikakihifadhi kwenye folda niliyoiita Takataka. Baada ya mwaka folda ilikuwa na saa nyingi za mivumo, mikwaruzo na pumzi za watu waliokuwa karibu kusema neno. Santuri yangu ya kwanza imetoka humo yote. Masikio yaliyoitengeneza yalifunzwa na kazi niliyodhani ni adui.

Ndiyo maana nakuomba usiache ofisi mwezi huu. Omba kwanza upunguziwe siku moja ya wiki, ukipata, siku hiyo iwe ya sauti tu. Mtu mwenye deni la kodi ya nyumba hathubutu kuacha kimya cha sekunde 40 katikati ya kazi. Atakijaza, kwa sababu anaogopa msikilizaji ataondoka. Nimewasikia wenzangu wenye vipaji kunizidi wakianza kuweka midundo wasiyoiamini, na baada ya miaka miwili wameuza vyombo.

Fedha za fani hii haziji kwa mlango mmoja, na mara nyingi haziji kwa mlango wa tiketi. Onyesho langu la kwanza lilikuwa na watu tisa, mmoja wao mlinzi aliyekuwa anangoja kufunga. Niliweka miksa peke yake mezani: kebo inatoka kwenye tundu la kutolea sauti inarudi kwenye tundu la kuingizia, hakuna chombo kingine, na mashine inaanza kuimba kwa umeme wake yenyewe. Toshimaru Nakamura wa Japani amejenga maisha yake ya kisanaa juu ya njia hiyo. Ukigusa kitufe kwa upana wa ukucha, mluzi unageuka ngurumo. Kati ya wale tisa alikuwemo mhariri wa filamu. Miezi minne baadaye alinitafuta, anataka dakika 11 za mvumo wa kuweka chini ya picha za mgodi uliojaa maji. Malipo ya zile dakika 11 yalizidi maonyesho yangu yote ya miaka mitatu. Tangu hapo naandika kila kitu kwenye daftari, na mwaka jana linasomeka hivi: maonyesho saba, filamu mbili, mchezo mmoja wa dansi, semina moja ya siku nne, kaseti 80 zilizouzwa kwa mkono, na miezi mitano ya kusafisha sauti za watu wengine. Hayo yote kwa pamoja ndiyo mshahara wangu.

Wapo waliopata kituo kimoja cha kuegemea. Mtunzi Pauline Oliveros alifundisha chuo kikuu California kwa miaka mingi, na mwaka 1988 alishuka na kodiani yake pamoja na wenzake wawili kwenye tangi tupu la maji lililo chini ya ardhi, ambamo sauti moja hudumu kama sekunde 45 kabla ya kufa, wakarekodi humo. Mtunzi Éliane Radigue alifanya kazi nyumbani kwake Paris na sintesaiza moja, mashine ya kuunda sauti kwa umeme, iitwayo ARP 2500, kwa karibu miaka 30, akitengeneza sauti inayobadilika polepole kama kivuli cha adhuhuri, kisha alipopita miaka 70 akaanza kuwatungia wapiga ala wasiotumia umeme kabisa. Sijui ni nani leo angempa kijana miaka 30 na chombo kimoja. Wewe una usiku tu, lakini usiku ni mwingi.

Na kwa baba, mpe habari hii pia. Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi anayejulikana kama KMRU, ana jina la babu yake, mwimbaji mkubwa wa gitaa aliyependwa na umri wa baba yako. Mjukuu anatunga kazi ndefu za taratibu kwa sauti alizozinasa mahali anapopita, na santuri yake *Peel* ya mwaka 2020 ilitolewa Ulaya na lebo ya Editions Mego. Mwaka huohuo Duma, kikundi cha watu wawili kutoka jiji hilohilo, walitoa santuri yao kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na hao hawana taratibu hata chembe. Baba akisikia jina la Kamaru atakaa kitako.

Jambo moja la mwisho kwako. Ukialikwa kupiga, andikiana na mwenyeji: utapiga dakika ngapi, utapewa muda gani wa kujaribu sauti, malipo kiasi gani na lini. Mimi niliwahi kusafiri usiku kucha kwenda tamasha moja kwa ahadi ya mdomo, nikapiga, nikarudi na asante. Uchungu wa siku ile ninao mpaka leo, maana nilikuwa nimeazima nauli. Na ufike mapema umweleze fundi mitambo kwamba utatumia miluzi na mivumo ya chini sana, aweke kizuizi cha sauti kabla hujamuunguzia spika. Fundi aliyeheshimiwa atakutafutia kazi nyingine.

*Shangazi, ninunue sintesaiza gani ya kuanzia? – Mwenye hamu*

Usinunue bado. Kinasa sauti cha simu yako na wiki mbili za kunasa milango, friji na mabomba vitakuonyesha unapenda sauti za namna gani. Chombo utakijua baada ya hapo.

*Dada, samahani kama swali si la kisanaa. Tangu onyesho la Jumamosi masikio yangu yanavuma. Leo ni Jumatano. Wenzangu wanasema muziki wa kelele bila maumivu si muziki wa kelele. – Mpiga kelele mwenzako*

Mwenzangu, swali lako ni la kisanaa kuliko yote niliyowahi kupokea hapa. Kwanza nenda kwa daktari wa masikio, kesho, usingoje Jumamosi nyingine ipite.

Ndani ya kila sikio kuna chembe kama 15,000 zenye vinyweleo, ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa sauti. Zikifa hazioti tena. Kipimo wanachotumia wataalamu wengi ni hiki: sauti yenye ukubwa wa desibeli 85 unaweza kukaa nayo kwa muda wa saa nane, na kila desibeli zikiongezeka tatu muda unagawanyika nusu. Kwa hiyo desibeli 94 ni saa moja, na 100 ni dakika 15. Onyesho la kelele kwenye chumba kidogo hupita 100 kirahisi, na wewe uliyesimama mbele ya spika unajaribu sauti mchana na kupiga usiku.

Wanaokwambia habari ya maumivu wanachanganya ukubwa wa sauti na uzito wake. Uzito unajengwa. Weka mvumo wa chini peke yake dakika tano, sauti ya wastani, halafu uukate ghafla: watu watashtuka kwa kile kimya. Nimeona mtu akishika kiti kwa kimya.

Mimi sikio la kushoto lina mluzi tangu nikiwa na miaka 31, baada ya usiku mmoja nilioona aibu kuvaa vizibo mbele ya wenzangu. Hauondoki. Ninapochanganya sauti leo nalazimika kugeuza kichwa na kupima sauti za juu kwa sikio la kulia, na kuna kazi zangu za zamani ambazo sitazisikia tena zilivyo. Onyesho langu lijalo ni la dakika 22. Vizibo vimeshaingia kwenye mkoba, juu ya kebo, pamoja na jozi sita za kuwagawia watakaokaa mstari wa mbele. Ukija, chukua yako.