Nakala ya fomu usimlazimishe aende nayo nyumbani

Mwaka wangu wa kwanza wa kuhoji watu kwa ajili ya utafiti nilisifiwa kwa jambo moja: fomu zangu za ridhaa hazikuwa na pengo. Sahihi ipo, tarehe ipo, na pale penye dole gumba jina la shahidi lipo. Tulikuwa Njombe, tukiongea na watu walio kwenye dawa za kufubaza VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa huo wanaishi na virusi, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 4.4. Mtu wa mbali angedhani mahali penye wagonjwa wengi hivyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Wapo tele.

Siku hiyo baridi ilikuwa ile ya Juni. Nikamaliza mahojiano na mama mmoja (nimebadilisha vitu viwili vitatu, hata jirani yake asimtambue), nikachana nakala yake ya fomu nikampa. Akaitazama. "Lazima niende nayo?" Nikamjibu, tena kwa fahari, "Ndiyo mama, ni haki yako." Akaikunja mara nne, akaisukumia ndani ya sweta.

Baada ya kama wiki mbili WAVIU mshauri wa kliniki ile, yaani mtu anayeishi na VVU anayewashauri wenzake, akaniita pembeni. Mama mkwe alikuwa ameikuta karatasi wakati wa kufua. Juu kabisa, kwa herufi nene, ilikuwa imeandikwa kwamba ni utafiti wa watu wanaoishi na VVU. Yule mama alikuwa akihamishia vidonge vyake kwenye kopo lenye pamba ndani, ili visilie akitembea. Miaka yote hiyo amejificha vizuri, mimi nikamfichua kwa karatasi moja niliyoiita haki. Akahama kliniki. Sikumwona tena, na sikuwa na namna ya kumwomba radhi bila kumzidishia matatizo.

Tangu hapo nakala naiuliza, siigawi. "Mama, hii ni yako. Unaweza kwenda nayo, unaweza kuniachia niitunze, au nikuandikie namba ya simu tu kwenye kikaratasi kisicho na maneno mengine." Wengi huchagua kikaratasi. Kichwa cha fomu nacho tunakiandika kwa jumla, "utafiti kuhusu huduma za afya", na suala la VVU tunalieleza vizuri kwa mdomo mlango ukiwa umefungwa. Usifanye hivyo kichinichini ukiwa umeshafika fildi. Liandike kwenye andiko lako unapoomba kibali NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, eleza sababu, na kama sahihi yenyewe ndiyo hatari, omba ridhaa ya mdomo inayothibitishwa na sahihi yako wewe mhojaji. Kamati za maadili zinalifahamu hilo. Uoga wa kuuliza ni wetu.

Kuna jambo jingine linalotupita kwa sababu halionekani kwenye makaratasi: nani amemleta. Muuguzi akisema "nenda chumba namba nne kuna wageni wanataka kuongea na wewe", mgonjwa hajaombwa, ametumwa. Yule ndiye anayempa dawa. Kisha anakukuta wewe na kalamu mfukoni, anakuita "dokta" hata kama umesomea sosholojia. Nilishawahi kuhoji baba mmoja saa nzima, mwishoni akauliza kwa upole, "Sasa dokta, dawa zangu nazipata hapa hapa au narudi dirishani?" Alikuwa amesaini mahali palipoandikwa "kwa hiari". Siku hizi naomba mtu achukue dawa zake kwanza, ziwe kwenye mfuko wake, ndipo aelezwe habari ya utafiti, na aelezwe na mtu asiyemhudumia.

Na ukimaliza kueleza, usimuulize "umeelewa?" Hapa kwetu hakuna atakayekujibu hapana, ni kukosa adabu. Mimi husema: "Tuseme rafiki yako unayemwamini akikuuliza tulikuwa tunazungumza nini, utamwambiaje?" Hapo utasikia. Mmoja atasema tunatafuta chanjo. Mwingine atasema nauli ya shilingi kadhaa itakuwa ya kila mwezi. Rudi mwanzo, bila kununa.

Usiahidi usichoweza kutimiza. Kwenye kikundi cha majadiliano wewe unaweza kutunza siri yake, lakini wenzake wanane huna uwezo wa kuwazuia wasiseme, mwambie hivyo kabla hajakaa. Na jina likifutwa bado mtu anaweza kutambulika: "mwalimu mjane" katika kijiji chenye walimu watano ni sawa na kupiga picha. Simu pia. Kabla sijaondoka nauliza nikipiga akapokea mwingine nijitambulishe vipi. Gari la mradi lenye nembo mlangoni naliacha barabarani, natembea.

Vijana ndio wananiumiza kichwa mpaka leo. Tangu marekebisho ya sheria ya UKIMWI ya 2019, mwenye miaka 15 anaweza kupimwa VVU bila ridhaa ya mzazi. Lakini utafiti kwa kawaida unataka ridhaa ya mzazi kwa aliye chini ya 18. Ukienda kubisha hodi kwa baba wa binti wa miaka 16 kuomba ruhusa ya kumhoji kuhusu dawa zake, umeshamtangaza kabla hajafungua mdomo. Kabla ya kumgusa mzazi, jua kwanza kama anajua. Kama hajui, peleka suala hilo kwenye kamati, na ikibidi mwache binti wa watu.

Mwaka jana kijana mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akanywa chai yake, akasema, "Umesema naweza kukataa." Nikamwambia ndiyo. "Basi nakataa." Nikampa nauli yake kama tulivyokubaliana, maana alikuja. Waliokuwa kwenye benchi wakamwona anatoka na nauli mkononi na hakuna aliyegombezwa. Aliyefuata aliuliza maswali kwa dakika ishirini, kinasa sauti kitafutwa lini, nani atasikiliza, kisha akakubali. Wa tatu akakataa. Jioni msimamizi akapiga simu kuuliza mbona leo idadi iko chini.

Nikamwambia leo watu wamenielewa.