Ukuta wa Stoo Usiufanye Kichochoro cha Ng'ombe

Juzi dada mmoja wa Konde, huku kwetu Pemba, kaniandikia. Ana ng'ombe 9, ukuta wa stoo anao, akisimamisha mabanzi upande wa pili si keshapata kichochoro cha kuchanjia, ile njia ya kupitisha ng'ombe mmoja mmoja? Nimesoma huku nimejishika mbavu. Mwenzangu, usifanye. Nilifanya mimi.

Ilikuwa masika, hapa kwetu nje kidogo ya Wete. Upande mmoja ukuta, upande mmoja mabanzi, katikati mita moja na ushei, maana fundi alisema ng'ombe wanataka nafasi. Chini udongo mtupu, na mvua ilinyesha usiku kucha. Yule mweupe wangu, ninayemkama kila alfajiri, akafika katikati akasita. Mimi niko nyuma yake, nampigapiga kiganja: "Haya mama, haya." Mbele, kwenye kamba ya nguo, kanga ya wifi yangu ikapeperuka. Akageuka. Nafasi si anayo! Sikuona pembe, niliona ubavu mzima unanijia, na mgongo wangu ushagota ukutani. Mbavu mbili zikavunjika. Wiki sita nikilala kwa kukaa.

Lakini kilichoniuma zaidi ni maneno ya watu. Ng'ombe mkali huyo, muuze! Ng'ombe yule hajapata kumpiga mtoto teke. Aliteleza, akaogopa, akatafuta pa kutokea, na pa kutokea palikuwa nilipo mimi. Mpaka leo mtu akimsema vibaya moyo unanichoma.

Sasa nisikilize. Kichochoro kiwe chembamba. Changu kipya ndani ni sentimita 70: ng'ombe wetu wa kienyeji anapita, kugeuka hawezi. Ukiwa na wa kisasa, pima kwanza ndipo uchimbe mashimo. Nguzo ni za mvinje, sakafu ya zege iliyochorwa mistari ingali mbichi, na gogo la kupitisha nyuma ya miguu asirudi. Na kila upande nimeacha upenyo wa sentimita 35. Mtu anapenya kiubavu, ng'ombe hapiti. Upenyo huo ndio roho yako, mwenzangu. Ukuta hauna upenyo.

Kamba ya nguo ihamishe. Ndoo inayong'aa, koti lililotundikwa, kivuli cha mnazi kilichokatiza njia, vyote vinamsimamisha. Ng'ombe anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia, na hapo hapo ndipo tunapopenda kusimama. Kaa nje ya nguzo, utembee kutoka kichwani kwake kwenda mkiani. Ukilipita bega tu, anasogea mbele mwenyewe. Bakora ya nini?

Mwezi uliopita tumechanja 14 asubuhi moja, na daktari akawahi kunywa chai. Aliyetangulia kuingia ni yule mweupe.

Dada wa Konde, mabanzi yako yalaze chini kwanza. Njoo Jumamosi ukione changu, na uje na futi ya kupimia.