Nina miaka 27, kwenye foleni ya macho naulizwa nimemsindikiza nani

Shangazi shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, niko Morogoro. Nikiwa na miaka 21 miguu ilianza kuvimba, mkojo ukawa na povu, mashavu yakatoka wekundu. Baada ya kuzungushwa sana nikaambiwa ni lupasi, kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, na imegusa figo. Tangu hapo nameza predi (prednisoloni) kila siku, na ile dawa ya ukoo wa klorokwini, na nyingine ya kushusha kinga. Figo zimetulia.

Tangu mwaka jana nikisimama mstarini asubuhi, jua likiwa limechomoza, nyuso za wanafunzi sizioni, naona weupe tu. Kusahihisha madaftari mpaka pua iguse karatasi. Usiku taa ya bodaboda ikinijia inatawanyika miale, nasimama pembeni mpaka ipite. Daktari wa macho kasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, kaletwa na predi, nifanyiwe upasuaji. Siku ile kwenye foleni bibi mmoja aliniuliza nimemsindikiza nani. Nilienda kulia chooni.

Mama anasema nisubiri kwanza akomae. Mama mdogo kaleta maji ya majani ya kudondoshea. Mchumba wangu anajua nina "mzio", lupasi sijamwambia, na harusi ni Desemba. Nimevichukia hivi vidonge, wiki mbili sasa nameza siku moja naruka mbili. Nikiacha predi, mtoto wa jicho atarudi nyuma? Na kwa umri huu, kweli nikatwe jicho? Halafu udhu nitautiaje?
Mwalimu, Morogoro

Marahaba mwanangu.

Macho yako tutayafikia, tuanze na hizo wiki mbili. Leo hii rudi kwenye dozi uliyoandikiwa, na kesho asubuhi uwe kliniki yako ya lupasi. Ukifika usiseme ulisahau. Sema niliruka, taja na siku. Mtu aliyemeza predi miaka sita, zile tezi zilizokaa juu ya figo, ambazo ndizo zinazotengeneza homoni ya namna hiyo mwilini, zimeshazoea kupumzika. Ukikatisha ghafla haziamki siku hiyohiyo. Unaweza kuishiwa nguvu, ukatapika, presha ikashuka ukaanguka darasani. Ukiona kizunguzungu au kutapika kabla ya kesho, usingoje kesho, nenda dharura na uwaambie unatumia predi ya muda mrefu. Tena hapo sijaitaja lupasi yenyewe, ambayo ikipata upenyo hurudi palepale ilipopazoea, na kwako ni kwenye figo.

Swali lako la kwanza jibu lake ni hapana. Mtoto wa jicho harudi nyuma kwa kuacha vidonge. Lenzi ikishaingia ukungu imeingia. Kinachowezekana ni kumwomba daktari wako wa lupasi akushushe taratibu, na hilo una haki ya kuliomba kwa sauti. Siku hizi mgonjwa aliyetulia hulengwa afike miligramu 5 za prednisoloni kwa siku, au chini ya hapo, na wengine huachishwa kabisa baadaye. Muulize: mimi niko ngapi, na mpango wa kushuka ni upi? Lakini ngazi hiyo ashike yeye.

Hasira yako naielewa. Ila nikuambie ninavyoona mimi: hizo dawa zilikuwa zinalinda figo, zikachafua lenzi. Lenzi inatolewa asubuhi, inawekwa mpya, jioni uko nyumbani. Figo ikienda, unaijua mwenyewe habari ya mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Kama ilibidi kulipa kwa kiungo, umelipa kwa kile chenye spea.

Yule bibi wa foleni hakukosea sana, maana wengi wanaokaa kwenye lile benchi ni wa umri wake. Ila hajui wanaopitia mlango mwingine. Pale hospitali za CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi wanafanyiwa upasuaji huuhuu watoto wachanga waliozaliwa na ukungu machoni. Wapo vijana wenye kisukari, wapo waliopigwa jiwe au fimbo ya jicho, na wapo kama wewe, waliomeza au kudondoshea dawa za ukoo wa predi muda mrefu kwa pumu, kwa ngozi, kwa mzio. Uzee haukuhusu hapa.

Sasa jambo ambalo nataka ulishike vizuri, kwa sababu linaweza kukunyima huduma. Mtoto wa jicho wa predi hukaa nyuma ya lenzi, katikati, palepale mwanga unapopita. Ukiwa juani mboni inajibana, kwa hiyo mwanga wote unalazimika kupita kwenye lile doa. Ukisoma kwa karibu mboni inajibana vilevile. Ndiyo maana mstarini huoni na kwenye madaftari huoni, lakini magharibi ikiingia unajiona umepona. Sasa wewe ukiingizwa kwenye chumba chenye giza usomeshwe zile herufi za ukutani, unaweza kusoma hata mstari wa chini, na mtu mwenye haraka atakuandikia kwamba unaona vizuri, rudi mwakani. Usikubali kuondoka hivyo. Mwambie: daktari, nipime na taa kali ikiwa imeniwakia usoni. Mweleze mstari wa asubuhi, madaftari, bodaboda. Uamuzi wa kufanya upasuaji unatokana na kazi unazoshindwa kufanya. Umri haumo.

Habari ya kusubiri akomae, mama hajaitunga. Zamani, kwa upasuaji wa enzi hizo, ilikuwa ni kweli wagonjwa waliambiwa wangoje. Siku hizi si lazima kungoja, na lenzi iliyokomaa kupita kiasi ni ngumu zaidi kuitoa, na nyingine huvimba ikapandisha presha ndani ya jicho. Mwambie mama kwa upole, ameyasema kwa kukupenda.

Maji ya majani mwaga. Hili sina upole nalo. Hakuna tone, la majani au la duka la dawa, linaloyeyusha mtoto wa jicho. Na wewe kinga yako imeshushwa kwa dawa, kidonda kidogo kwenye kioo cha jicho kwa mwenzako ni wiki moja, kwako kinaweza kuwa jicho lenyewe. Mama mdogo mshukuru, chupa irudi mlangoni.

Upasuaji wenyewe ni mfupi kuliko hofu yake. Watakudondoshea dawa ya ganzi, au watakuchoma sindano pembeni ya jicho, utakuwa macho unasikia watu wanavyoongea. Kama ni kwa mashine ya mawimbi ya sauti, wanapasua upenyo wa kama milimita 2 au 3, wanaisaga ile lenzi na kuinyonya, kisha wanaingiza ya plastiki iliyokunjwa, ikifika ndani inakunjuka. Kama ni kwa mkono, upenyo ni mkubwa kidogo, na mara nyingi nao haushonwi. Njia zote mbili ni nzuri mikononi mwa mtu aliyezoea. Nusu saa ni nyingi. Wazo la kuweka plastiki ndani ya jicho lilitokana na marubani wa vita kuu ya pili. Daktari Mwingereza, Harold Ridley, aliona vipande vya kioo cha plastiki cha ndege vimekaa ndani ya macho yao bila jicho kuvikataa, na mwaka 1949 akamwekea mgonjwa lenzi ya kwanza huko London. Unaona basi, si jambo la kujaribiwa kwako.

Kuna vitu viwili ambavyo bibi wa miaka 75 hatavihisi na wewe utavihisi. Lenzi yako ya asili bado inajua kujivuta, inaona mbali kisha inahamia karibu yenyewe. Ya plastiki ya kawaida imekazwa umbali mmoja. Ukichagua mbali, ubao na nyuso za wanafunzi utaviona safi, madaftari utayavalia miwani. Wengine huwekewa jicho moja la mbali, jingine la karibu kidogo, na kuna wanaolizoea na wanaolichukia. Zipo pia lenzi za umbali mwingi, ni ghali, nyingine huleta hiyo miale ya taa unayoikimbia, na kwa mtu anayemeza dawa inayoweza kugusa retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, madaktari wengi ni wazito kuziweka. Ningekuwa mimi ningechukua ya kawaida, ya mbali, na miwani ya kusomea nikaining'iniza shingoni. Na ulizia kabla, bima yako inalipia lenzi gani na ipi unaongezea mwenyewe.

La pili, kwa vijana ule mfuko mwembamba unaobeba lenzi mpya huwa mwepesi kuingia ukungu baada ya miezi au miaka. Utadhani mtoto wa jicho karudi. Hajarudi. Unafunguliwa kwa leza ukiwa umekaa kwenye kiti, dakika chache, hakuna kisu.

Kuhusu tarehe. Najua unapiga hesabu ya Desemba, uingie ukumbini bila kupapasa. Lakini tarehe ya jicho lako itapangwa na lupasi, si na kamati ya harusi. Madaktari wote wawili wakubaliane kwamba ugonjwa umetulia, na kwa hizi wiki mbili ulizoruka, huenda wakataka vipimo vya damu na mkojo kwanza. Kabla ya kukatwa, uangaliwe nyuma ya jicho, kwa sababu ile haidroksiklorokwini, hiyo ya ukoo wa klorokwini, ikitumika miaka mingi inaweza kudhuru retina, na kuanzia mwaka wa 5 hivi inatakiwa retina ipimwe kila mwaka. Wewe uko wa 6. Umewahi kupimwa? Presha ya jicho nayo, maana predi hiyohiyo huipandisha kimyakimya. Na kama macho yako ni makavu, jambo la kawaida kwa watu wa lupasi, sema, ukavu unavuruga vipimo vya kuchagulia lenzi. Beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, na kama kuna aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda itaje, usiiache kwa akili yako. Jicho moja kwanza, la pili wiki kadhaa baadaye.

Ukishatoka, utadondoshea dawa kwa wiki kama nne. Hulisugui, hubebi ndoo, usiku unavaa kile kikinga cha plastiki. Jicho likianza kuuma sana, kuwa jekundu, au uoni ukashuka badala ya kupanda, unarudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Maambukizi ya ndani ya jicho ni nadra, lakini hayangoji asubuhi. Udhu: maji yasiingie jichoni siku za mwanzo, na kuhusu kuinama kwenye sijda muulize daktari wako ni siku ngapi, kisha umpelekee imamu wako jibu hilo. Mgonjwa ana ruhusa zake, hutakuwa wa kwanza kusali umekaa.

Tumebaki na mchumba. Mwanangu, mzio hauhitaji vidonge vitatu kila asubuhi, na kijana akikupeleka upasuaji atasikia kila kitu kwa nesi atakapoulizwa "huyu mgonjwa wa lupasi ni wako?" Bora asikie kwako. Tena kuna sababu kubwa kuliko jicho. Mwanamke wa lupasi anazaa, wengi wanazaa, ila mimba inapangwa: ugonjwa uwe umetulia angalau miezi sita, na baadhi ya dawa za kushusha kinga zibadilishwe kabla, kwa sababu zinamdhuru mtoto tumboni. Sasa hilo utalipangaje na mume asiyejua? Mwambie kabla mahari haijapelekwa. Chagua siku ya kliniki, nenda naye, mwache amuulize daktari maswali yake mwenyewe. Akikimbia, nitasikitika nawe, na barua nyingine nitaijibu. Ila mimi sijasoma popote kwenye barua yako kwamba ni mtu wa kukimbia, umeandika tu kwamba hajaambiwa.

Na shuleni, kamwone mwalimu mkuu sasa hivi, usingoje tarehe itoke. Kama unafundisha darasa la saba, mtihani wao ni Septemba na hatataka kukuachia katikati. Omba cheti cha daktari cha mapumziko, na ukirudi, kwa wiki za mwanzo mpe mwanafunzi afute ubao, wewe simama mbali na vumbi la chaki.