Mafunzo ya farasi Ireland: anza na viza

Dada, nimekuelewa: mwanao anasomea utunzaji wa farasi Ypäjä, Finland, amepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo Ireland, ila pasipoti yake ni ya Kenya. Anza na viza. Ireland haimo Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, kwa hiyo kibali cha ukaazi cha Finland hakitoshi. Aulize ubalozi wa Ireland kabla ya kulipa nauli. Ruzuku ya Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kusaidia wanafunzi kusoma na kufanya mafunzo nchi nyingine, huombwa kupitia chuo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni bima. Teke moja la farasi huvunja mfupa, na nimeona wanafunzi wakibeba gharama wenyewe. Mkataba utaje ajali kazini, saa za kazi na msimamizi wake. Farasi majike wakianza kuzaa, kuna zamu za usiku. Akiwa bado mgeni wa kazi hiyo, asikubali kukesha nao peke yake.