Kwa Mwanangu, Kuhusu Mtoto Mwenye Alama 44

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako niliipokea Jumapili baada ya Misa ya pili, nikaisoma mara mbili kabla hata sijainjika chai. Unaniuliza jambo ambalo mimi mwenyewe, katika miaka yangu yote ya kufundisha Hesabu, nililijua kwa vitendo tu bila kulitafutia maneno. Sikukuu ya somo wa shule yenu, yaani mtakatifu mlinzi wake, inakaribia, na wewe, ukiwa mwalimu wa taaluma, umependekeza kwamba siku hiyo atunukiwe si yule aliyeongoza darasa peke yake, bali pia yule aliyepanda kuliko wenzake. Nao walimu wenzako katika kamati wanasema kwamba kumpandisha jukwaani mtoto mwenye alama 44 mbele ya wazazi na mgeni rasmi ni kuishushia hadhi shule ya Kanisa. Unataka kujua kama wana haki. Kwa maoni yangu hawana, ingawa na wewe ipo sehemu utakapoteleza usipoangalia.

Nianze na hesabu, kwa kuwa hao wenzako wanapenda tarakimu. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani la Tanzania, D huanzia 30 na kuishia 44, na C huanzia 45. Mchukue mwanafunzi aliyeanza kidato cha tatu akiwa na 30 katika kila somo kati ya yale saba yanayohesabiwa, akajikaza, akafika 44 katika yote saba. Amepanda alama 98. Lakini D ni pointi nne, iwe ya 30 au ya 44, na nne mara saba ni 28, yaani daraja la nne. Alikuwa daraja la nne na bado yuko daraja la nne, wala karatasi ya matokeo haitaonyesha kwamba alisogea hata unyayo mmoja. Silaumu mtihani, kwa sababu haukutungwa kupima safari ya mtu, umetungwa kupima alipofika. Ila mtoto huyo ana walimu waliomwona tangu siku ya kwanza, na hao wakinyamaza, hakuna mwingine atakayesema.

Umeniandikia pia kwamba mmoja wenu alitaka zawadi zote zifutwe, akitoa mfano wa Baraza lenyewe, ambalo Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha desturi ya kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Mfano huo haufanani na jambo lenu. Baraza lilikuwa likizilinganisha shule ambazo mazingira yake hayafanani hata kidogo, ilhali ninyi mnawatunuku watoto wanaolala bweni moja, wanaokula maharage ya sufuria moja na kufundishwa na walimu walewale. Aliyepata 92 apewe heshima yake yote, tena bila haya, maana naye hakuiokota.

Hao wanaozungumzia hadhi ya shule ya Kanisa, waombe wafungue Injili ya Mathayo, sura ya 25, mfano wa talanta. Tumezoea kuuhubiri kwa ajili ya yule aliyefukia talanta yake ardhini, tukawapita haraka wale wawili wa kwanza. Mmoja alipewa tano akaleta nyingine tano, mwenzake alipewa mbili akaleta nyingine mbili. Soma aya ya 21, kisha usome ya 23: bwana wao anawasifu kwa maneno yaleyale, hakumpunguzia wa pili hata neno moja kwa sababu ya uchache wa alichokileta. Kama tunajiita shule ya Kikatoliki, halafu tunachapisha kwenye mabango ya barabarani idadi ya daraja la kwanza tu, na wengine tukifika mahali pa kuwachuja watoto wa kidato cha pili ili wastani usiharibike, sioni hiyo hadhi inatoka wapi.

Sasa nikwambie mahali pa kuteleza, kwa kuwa mimi niliteleza, wala sijawahi kukusimulia. Ulikuwa mdogo bado. Tulikuwa na siku ya taaluma mwezi wa Agosti, unaujua upepo wa Dodoma wa Agosti, turubai linapigapiga hadi mshereheshaji hasikiki. Nilikuwa na kijana mmoja wa wafugaji, aliyekuwa wa mwisho kati ya wanafunzi 64, na katika mihula mitatu akafika nafasi ya 21. Nilijawa na furaha hata nikachukua kipaza sauti na kutangaza, “Huyu ndiye aliyekuwa akishika mkia darasani!” Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi. Baba yake alikuwa ameketi mstari wa nyuma, fimbo magotini. Nilimwona akivua kofia na kuitazama kama mtu anayetafuta tundu ndani yake. Kijana akapokea kamusi kwa mikono miwili, kwa adabu, bila kuniangalia. Jioni mlinzi alinirudishia ile kamusi. Ilikuwa imeachwa chini ya benchi kanisani.

Nilichopaswa kukisema nilikuwa nacho mezani kwangu siku zote. Kijana yule alikuwa na daftari kubwa la kurasa 200 lenye jalada gumu, ambamo kila swali alilokosa katika jaribio alilirudia si chini ya mara tatu, kila mara siku tofauti, na pembeni akaandika tarehe kwa kalamu nyekundu. Kwenye swali la milinganyo sambamba zilikuwapo tarehe saba. Ningelinyanyua daftari lile, nikasoma tarehe zile saba, nikanyamaza, wazazi wangeelewa bila kuambiwa alianzia shimo gani.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagueni kwa rekodi, si kwa huruma: linganisheni mitihani miwili ya muhula iliyo sawa kwa uzito, na atakayeuliza aonyeshwe. Jukwaani tajeni jina lake na kazi aliyoifanya, alama aliyoanzia ibaki kwenye faili lako. Msiupe utaratibu huu jina la kufariji, na zawadi isiwe ya bei ndogo kuliko ya anayeongoza, kwa sababu watoto hupima bei kabla ya kufungua kifurushi. Tena mwombe padre mlezi kwamba katika Misa, wakati wa matoleo, watoto wa makundi yote mawili waende pamoja, asiwepo wa mbele na wa nyuma.

Mimi nitakuja kwa basi la asubuhi kutoka Mpwapwa. Usinitengee kiti karibu na meza ya mgeni rasmi. Nitaketi kule nyuma na wazazi, nataka kuwaona majina ya watoto wao yanaposomwa.

Mama yako.