Kabla halmashauri yako haijaandika ombi la fedha za kufufua mji

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi katika idara ya mipango ya halmashauri moja nchini Uingereza, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuandaa maandiko ya kuwania fedha ambazo serikali kuu hutenga kwa ajili ya kufufua miji iliyochakaa. Mashindano hayo hayakuanza jana. Mwaka 1991 mpango wa City Challenge ulizialika halmashauri 15, zikashinda 11, na kila moja ikatengewa pauni milioni 37.5 kwa miaka 5.

Ushauri wangu mzito kuliko yote ni huu: usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe. Mfuko wa Levelling Up Fund, ambao serikali kuu iliuanzisha kuinua maeneo yaliyobaki nyuma na uliokuwa na pauni bilioni 4.8, ulitoa mwongozo wa duru ya kwanza mwanzoni mwa Machi 2021 na kupokea maombi hadi Juni 18. Katika muda huo huwezi kufanya upembuzi yakinifu, kumpata mkadiriaji majenzi na kuthibitisha umiliki wa ardhi, kama hukuanza mapema. Sisi tulikuwa na soko la zamani ambalo paa lake lilivuja hata wafanyabiashara wakawa wanapanga ndoo katikati ya meza zao. Wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho tuligundua kwamba kipande cha ardhi mbele ya lango la kupakulia mizigo, kisichozidi upana wa gari, kilikuwa na hati miliki ya mtu mwingine. Tulipeleka ombi hivyo hivyo, tukakosa. Bado inaniuma, kwa sababu hati ile tungeweza kuikagua mwaka mzima kabla.

Pili, pima kama inafaa kuomba kabisa. Washauri elekezi hulipwa mshinde msishinde, na maofisa wanaoandika ombi huwa wameacha kazi nyingine. Katika duru ya pili ya Levelling Up Fund, iliyotolewa majibu Januari 2023, maombi yalizidi 500 na yaliyofaulu yalikuwa 111. Andy Street, aliyekuwa meya wa West Midlands, eneo la miji ya katikati ya Uingereza, na mwanachama wa chama kilichokuwa madarakani, alilalamika hadharani kwamba huu ni utamaduni wa kutembeza bakuli. Nakubaliana naye, lakini mkurugenzi mwenye paa linalovuja hana anasa ya kususa.

Makadirio nayo yawekewe akiba ya kutosha, maana bei za vifaa vya ujenzi hupanda kati ya siku ya kuomba na siku ya kusaini mkataba.

Mwisho, ukikosa usilifungie jalada kabatini. Novemba 2023 duru ya tatu haikupokea maombi mapya: miradi 55 ilichaguliwa kutoka kwa yale yaliyokuwa yamekataliwa. Weka mtu mmoja wa kuhuisha makadirio, hati na barua za madiwani kila baada ya miezi sita, na jina lake liandikwe juu ya jalada lenyewe.